Mbuzi ya Mize

Niliiazima wiki moja kabla ya kura,
nikune nazi mbili za mchuzi wa pweza.
Kisha Tume ikatangaza,
na baina ya mlango wake na wangu,
hapa Limbani, Wete,
pakawa pana kuliko mkondo wa kwenda Unguja.

Miaka mitano.
Alipofiwa na kaka yake nilisikia hitima ukutani,
mkono wa tanzia sikuupeleka.
Nilipooza binti, mtoto akairudisha kadi
bahasha haijafunguliwa.
Mbuzi uvunguni inakula kutu,
nami nanunua tui la pakti
kama mtu asiye na jirani.

Kura nyingine ikaja, ikapita.
Leo redio inasema wameungana:
huyu Rais, yule Makamu wa Kwanza,
wizara zimegawiwa kama nyama ya akika,
wamekaa zulia moja, wanacheka mpaka magego.

Sisi hatukuachiwa cha kugawana
ila salamu.

Nikaisugua mbuzi kwa mchanga na ndimu,
wino bado uko ukuchani.
Hodi.
Hodi, Mize.
Akafungua nusu ya mlango.
«Wakubwa zako wamekuruhusu?»
«Na wako je?»
Akaipokea, akapitisha kidole kwenye meno.
«Umeiacha ikawa butu.»
Hakusema karibu. Mlango hakuufunga.

Magharibi akamtuma mjukuu:
«Bibi anauliza, na ile kawa yetu?»

Ile kawa,
usiku wa matokeo yale,
niliitia moto.