Tunagombea Fito

Wajenga nyumba moja, walinena wahenga,
hawagombei fito.
Sisi tunagombea. Kila Jumatatu, saa mbili asubuhi,
kwenye meza ndefu ya kiwanda kilichokufa
katika bonde la Glarus,
palipochapwa zamani leso nyekundu
za vichwa vya wanawake wa Izmir
ambao wachapaji hawakuwahi kuwaona.
Wekundu ule ungali ndani ya nyufa za mbao.
Ukiegemeza kiwiko, unaondoka nao.

Mlangoni hapana jina la mtu.
Ladina alitaka majina yote manne,
Kaspar alitaka moja la kubuni.
Wiki tatu za makelele,
hata tarishi wa posta akachoka, akaandika mwenyewe
kwa kalamu ya risasi: Wale wa Juu.
Likabaki.

Kaspar, mtoto wa seremala,
hupima kwa kidole gumba, kisha huiomba rula radhi.
Ladina alisomea madaraja
akachoshwa na vitu ambavyo watu huvipita tu.
Mimi hukata kadibodi.
Mimi ndiye mjenzi wa kwanza wa kila kitu,
na nyumba zangu zote zaenea kiganjani.

Na Nives.
Baba yake alimwaga zege la bwawa huko milimani
kwa kibali cha miezi tisa
kisichoruhusu mke, kisichotaja mtoto.
Mtoto alikuwapo.
Umri miaka minne, chumba kimoja,
pazia limeshushwa, viatu vimevuliwa,
na neno la kwanza la Kijerumani alilofundishwa
lilikuwa «nyamaza».
Hasimulii. Niliyajua haya
siku nilipomuuliza kwa nini madirisha yake
huanzia chini mno, sentimita arobaini tu kutoka sakafuni.
«Kimo cha macho,» alisema,
«ya mtu aliyekaa chini akingoja.»
Akaniomba gundi.

Huku kuna sheria moja niipendayo:
kabla hujajenga, simika fito uwanjani
kwa urefu kamili wa jengo lisilokuwapo,
na pembe za bati kileleni zionyeshe paa litakavyoinama,
kisha uwaachie jirani waitazame hewa
na kuikasirikia.

Tukasimika za chekechea mwezi wa Novemba.
Siku ya tisa akapanda ngazi Bi Regula Zopfi,
miaka themanini na mmoja, daftari kwapani.
Hakuketi.
«Mlima hunibakishia dakika arobaini za jua,
kuanzia saa tisa na dakika kumi, mezani pangu jikoni.
Fito zenu zinakula ishirini na tano.»
Alikuwa ameandika kila siku, hata siku za mawingu:
mawingu.

Kaspar akasema sheria iko upande wetu.
Ladina akasema mahesabu yamekwisha, chuma kimeagizwa.
Mimi nikasema kitu, sikumbuki, kilikuwa cha woga.
Nives hakusema.
Aliivuta kadibodi yangu ya wiki mbili,
akachukua kisu,
akalikata paa kama mtu akatavyo mkate wa wageni,
taratibu, bila kumwangalia mwenye mkate.

Kaspar alinuna siku tatu.
Ya nne tulimkuta amelala juu ya meza,
chini ya shavu mchoro mpya: paa limelala pia,
limeigeukia kaskazini, kama mtu
anayempisha mwenzake kitandani.
Shavu lake jekundu.

Mwaka uliofuata, Novemba hiyo hiyo,
Bi Regula alituita. Tukasimama wanne jikoni,
makoti mwilini, hakuna aliyekaribishwa kiti.
Jua likaingia, likatua kwenye kitambaa cha plastiki,
likagusa bakuli la sukari, miwani, mkono wake.
Ng'ambo, nyuma ya dirisha la chini,
mtoto aliyevaa soksi moja alikuwa akitutazama.
Nives akamtazama. Muda mrefu.
Jua likaondoka.
«Thelathini na saba,» alisema Bi Regula,
akaandika, akafunga daftari. Ahsante hakutoa.

Kaspar bado anazidai zile tatu.
Anasema kosa liko kwenye pembe ya mashariki,
Ladina anasema kosa liko kwenye saa ya bibi.
Kesho Jumatatu.