Vipimo vya Kongwa

Waliletwa Julai, upepo ukiwa na meno,
malori matatu kutoka stesheni ya Gulwe,
wanaume mia na kumi wa nchi jirani
waliowindana miaka tisa
na sasa, kwa karatasi, ni jeshi moja.

Mimi Nyemo Chilewa, fundi cherehani, zabuni yangu ni sare.
Kitambaa kimoja, rangi moja, majora arobaini.
Daftarini nilipiga mstari katikati:
wa serikali huku, wa msituni kule.
Sajini Mbijima akauchana ukurasa.
"Andika kifua, bega, mguu. Basi."

Lakini futi haijui kunyamaza.
Bega hili limeshuka: limebeba bunduki kabla ya kubalehe.
Paja hili limeliwa, napunguza inchi mbili.
Na huyu, porini walimwita kanali,
ana miaka ishirini na miwili, leo koplo;
aliniomba kwa ishara
mkono wa shati ubaki mtupu
kuliko kushonewa tepe mbili.

Alfajiri nawasikia uwanjani.
Mguu pande! Mguu sawa! Nyuma geuka!
Wanajifunza kutembea kwa Kiswahili,
maana kila upande una lugha yake
na katika kila lugha
neno la kufyatua limekwisha kutumika.
Wakiambiwa kushoto wanakwenda kulia,
wanagongana vifua.
Jana wawili waligongana wakacheka,
kisha wakakumbuka,
wakaacha.

Miezi mitatu ya ugali wa uwele na mlenda
ikanirudisha mezani: viuno vimejaa.
Nikafumua, nikashona, nikafumua tena.
Hasara yangu. Sikudai.

Mwisho vikaja vitambaa vya majina,
na hapo mguu wangu ukasita juu ya cherehani.
Jina la baba, kule kwao,
ndilo lililoulizwa vizuizini:
ukilitaja hili unapita,
ukilitaja lile, shimoni.
Nikamuuliza yule koplo, nishone lipi?
Akatazama nje, ng'ombe wa ranchi
walikuwa wanapita ndani ya vumbi lao,
akawatazama hadi wa mwisho.
Kisha, kwa Kiswahili kilichonyooka:
"Acha nafasi."

Nikaacha.
Vidole vinne, juu ya mfuko wa kushoto.
Nikaizungushia uzi pande zote,
isifumuke.