Hesabu za Mwalimu Lugembe

Baba alilinunua kwa penseli kwanza.
Lita moja, kilomita ishirini na mbili.
Buhongwa hadi shuleni na kurudi,
zidisha kwa mwezi, toa petroli ya gari la zamani,
akapiga mistari miwili chini,
kama afanyavyo jibu likiwa sahihi.

Likaja na sauti ya mwanamke wa Kijapani
iliyotusalimia kila likiwashwa.
Mama alimwitikia: Marahaba.

Lilikuwa kimya mno. Mbuzi wa Mkolani hawakulisikia.
Vijana wa bodaboda wakalibatiza Jini.
Lakini kwenye foleni ya Kenyatta, injini ikijizima yenyewe,
baba aligeuka kututazama viti vya nyuma:
"Mnasikia? Sasa hivi hatulipi hata senti."

Miaka miwili na miezi minne.
Kisha, mlima wa Bugando, pembetatu nyekundu,
likashusha pumzi, likakaa.

Fundi Sayi alivua saa yake,
akavaa glavu za kuoshea vyombo.
"Umeme huu, Mwalimu, hauna utani."
Akataja bei ya betri mpya.
Baba akaandika. Akauliza tena, huenda sifuri imezidi.
Haikuzidi.
Nusu ya gari, na gari lenyewe
bado tulikuwa tunalilipa kwenye saccos.

Penseli haikuwahi kuuliza
kama betri huzeeka hata ukiwa umelala.

Miezi saba chini ya turubai. Kuku akatagia kiti cha dereva.

Ndipo akaja Magesa wa Igombe, anatafuta betri za taa za dagaa.
Wakalipasua sanduku: vipande ishirini na vinane,
vimebanana kama vitabu kabatini.
Vilivyokufa, vinne.
"Vinne tu?" baba aliuliza.
"Vinne," alisema Sayi, "ambavyo Mwanza nzima havipo."

Vilivyobaki, viwili kwa viwili, taa kumi na mbili.

Usiku usio na mwezi tulikwenda Igombe, tukasimama kwenye mawe.
Ziwani ulikuwa umewaka mji usio na barabara.
"Zetu zipi?" niliuliza.
Midomo yake ilikuwa ikihesabu.
"Kilomita sifuri," alisema. "Lita sifuri."
Akacheka hadi akakohoa.

Daftari ninalo mimi siku hizi.
Ukurasa wa mwisho ameandika kumi na mbili,
na chini yake mstari mmoja.