Dodoso la Magoti

Ofisi ya serikali ya mtaa, Keko Magurumbasi,
saa mbili asubuhi, na kiti kimoja cha plastiki
ambacho Kokusima amekifunga kamba mguu wa nyuma.
Mimi nashika saa. Rwegasira ana kompyuta
na safu tupu zinazosubiri namba.

"Inuka, bibi, kisha ukae, mara tano,
mikono kifuani, usishike kitu."
Bi Mwajabu Pazi anakitazama kiti
kama anayekagua posa ya mgeni.
"Nyumbani kwangu hakuna hiki."

Swali la saba: unapanda ngazi bila maumivu?
"Ngazi sina. Nina mtaro.
Mvua ikinyesha, mtaro ndio ghorofa yangu."
Rwegasira anatafuta kisanduku cha mtaro.
Hakipo.

Swali la nane nikalimeza.
Akalijibu lisiloulizwa:
"Rakaa kumi na saba kwa siku, mwanangu,
miaka hamsini na mitano naziinukia mkekani.
Tangu mfungo uliopita naswali nimekaa.
Hilo andikeni.
Waliokuja mwaka juzi walichukua damu,
hawakurudi hata kutuambia ina rangi gani."

Kokusima, bingwa wa mifupa,
akavua viatu, akaomba mkeka wa mwenyekiti,
akaketi, akajaribu kuinuka bila mikono.
Goti lake likaalika kama ukuni mkavu.
Bibi akacheka mpaka akashika ubavu:
"Kumbe na wewe ni wetu!"

Wiki ile tulifuta dodoso, swali kwa swali,
wao wakisema, sisi tukiandika.
Mzee Mwinyimvua mkandaji,
ambaye hospitali ilimtaja kwa kumlaumu tu,
alikuja na chupa yake ya mafuta ya ufuta,
akatuonyesha kwa dole gumba, juu kidogo ya goti,
mahali msuli unapoanza kuaga
kabla mfupa haujapata habari.
Rwegasira akauliza, dole gumba ataliandikaje.
"Andika lilipozama."
Wakabishana hadi adhuhuri, kina chake ni milimita ngapi,
na kesho yake wakaendelea.

Sasa safu ya kwanza inaitwa Mkeka,
ya pili Mtaro. Kiti kimeshushwa hadi ya sita.
Bi Mwajabu, mkekani: sekunde kumi na nne,
mkono mmoja sakafuni, jina la Mungu mara mbili.
Mtarudi lini, akauliza.
Mwaka kesho, mwezi kama huu.
"Basi nami nitajitahidi niwepo.
Ila kitibuni kwanza hicho kiti chenu,
nacho kina baridi yabisi."