Ratiba ya Unga

Saa kumi alfajiri, Kutaisi haijafumbua jicho,
nami nimeinamia mdomo wa tanuri
kama mtu aliyeangusha sarafu kisimani.
Donge nalivuta, nalirefusha, nalibandika ukutani: paa!
Dakika saba. Si sita, si nane.
Mkate haupokei udhuru wala cheti cha daktari.

Mezani, unga ulipotanda,
nachora wiki yangu kwa kidole:
Jumatatu kemia. Jumanne maabara, kisha zamu.
Jumatano mtihani, mifupa mia mbili na sita,
na Tamta anataka nimsindikize kuchagua gauni.
Alhamisi kwaya. Ijumaa kodi.
Bi Zaira anatua gunia, puu!
na Alhamisi yote inapotea.

Ratiba ya karatasi pia ninayo.
Nilinunua kalamu za rangi:
nyekundu, la dharura;
kijani, la lazima;
bluu, linaloweza kungoja.
Nilipomaliza kupaka, saa mbili zilikuwa zimekwenda
na kitabu kimefunikwa vilevile.
Lakini ilipendeza, jamani. Niliipiga hata picha.

Mshika mbili moja humponyoka;
mimi nimeshika saba
na ya nane nimeing'ata.
Navuka daraja la Rioni nikisoma kadi,
mtulinga, ugoko, nyonga,
nampamia mwuza maua, namwomba radhi,
nimekwisha sahau ugoko uko wapi.

Jumanne mkate mmoja ulibanduka, ukaangukia majivuni.
Nikazamisha mkono na kulabu kuufuata,
nywele zikanuka moto.
"Nestani! Uache huo!" Bi Zaira alifoka.
"Umekwisha kufa. Tazama walio ukutani!"
Nikatazama. Minne tayari ilikuwa myeusi pembeni.
Alinikata mitano.

Jioni nikamwandikia Tamta: gauni chagua na dada yako.
Nikamwandikia mwalimu wa kwaya
barua fupi kuliko nilivyodhani ingekuwa.
Hakuna aliyekufa.
Tamta alinuna siku mbili, kisha akanitumia picha;
rangi ya zambarau, haimkai vizuri,
sikumwambia.

Halafu, saa tatu usiku, kadi zimetandazwa kitandani,
simu ikalia: Mama, kutoka Bari,
anakomwogesha bibi wa watu, anamlisha, anamgeuza,
ili mimi nijue majina ya mifupa.
Kwake ni saa kumi na mbili, bibi amesinzia,
ana robo saa yake mwenyewe katika siku nzima.
Nikaikagua ratiba.
Mama alikuwa bluu.
Wiki tatu mfululizo, bluu.

Nikapokea.
Hatukusema la maana. Aliuliza nimekula nini.
Nikasikia kisu kikimenya viazi,
maji yakichuruzika,
naye akilalamika kidogo kifundo cha mkono,
kwa kule kumnyanyua bibi kila saa.
Robo saa ikawa saa nzima. Bibi hakuamka.
Kadi zilizosalia nikazisukumia chini ya mto
nikalala, bila kuiandika popote.

Jumatano, swali la sita: taja mifupa ya mkono.
Ni ishirini na saba.
Niliandika kumi na tisa, vidole na kiganja,
kalamu ikasimama.
Minane ya kifundo sikuifikia.
Nilikaa pale nikiutazama mkono wangu mwenyewe,
una unga kwenye kucha,
nikaukunja, nikaukunjua,
hadi msimamizi akasema muda umekwisha.