Saa Saba na Nusu

Saa tano nimezima taa.
Saa sita nimeiwasha ili nihakikishe nimeizima.
Usingizi umenipa kisogo kama mtu ninayemdai.

Chini ya kitanda, chini ya sakafu, chini ya barafu,
kilomita moja na ushei ndani ya mwamba,
wachimba chuma wanapanga baruti.
Wataiwasha saa saba na nusu, kama jana, kama juzi,
kama usiku ule niliomzaa Annikki
na mkunga akaniambia: Usishtuke, Siiri, ni mgodi tu.

Nalala nikiingoja.
Hapana, nadanganya. Silali.
Naingoja nimefumba macho, na hizo ni kazi mbili.

Mawazo hayapigi hodi.
La kwanza ni barua ya kampuni: nyufa zimefika mtaa wetu,
nyumba itahamishwa au itabomolewa,
tutajulishwa theluji ikiyeyuka.
La pili ni baka shingoni,
mwaka jana lilikuwa punje ya shayiri.
La tatu ni neno nililomwambia Birgit
mbele ya masufuria ya shule, mwaka wa tisini na nane.
Birgit alishakufa. Neno li hai, linakula, linanenepa.
La nne silijui. Hilo ndilo zito kuliko yote,
hukalia kifua bila kutaja jina.

Si kwamba sijajaribu.
Daktari kijana wa zahanati alinifunza kupumua:
vuta kwa nne, zuia kwa saba, toa kwa nane.
Nikaanza kuogopa kwamba nahesabu vibaya.
Dada yangu Hilja alileta chai ya majani yanayonuka soksi.
Nikahesabu kulungu, maana kondoo hatuna;
mmoja akapotea, nikakesha nikimtafuta.

Husemwa hakuna usiku usiokucha.
Aliyesema hakuja kwetu Desemba:
jua lilizama wiki iliyopita, na halina haraka.

Basi leo nimeamka.
Nimevaa soksi za sufu za marehemu Torsten,
nimeketi jikoni, nimechukua bahasha ileile ya kampuni
na mgongoni mwake nimeandika:
Nyumba. Baka. Birgit. Na lile jingine.
Nilidhani yangejaza daftari.
Yamejaza upana wa vidole vitatu.

Ng'ambo ya ua, dirisha la Oula lina mwanga.
Miaka kumi na sita nailaumu taa yake
kwa kuninyima usingizi.
Leo ndipo limenipambazukia:
na yeye je, anamlaumu nani?
Nikazima yangu, nikaiwasha.
Kimya. Theluji ikishuka kama isiyotumwa na mtu.
Kisha yake ikazimika, ikawaka.
Nusura nicheke peke yangu kama mwehu.

Saa saba na nusu.
Mwamba ukaguna. Vikombe vikasukumana kabatini,
maji ya glasi yakakunja uso, yakaukunjua.
Ikapita.

Kati ya yote ninayoyangoja,
ni hilo tu linalotimiza ahadi.
Linakula mtaa wetu, ndiyo, najua, bahasha hii hapa;
lakini hula kwa saa yake, kisha huninyamazia.
Haya mengine nimeyashikia moyo mkononi miaka na miaka
na mengi hayajalipuka hata leo.

Sikulala pale pale, nisikudanganye.
Niliosha kikombe kilichokuwa safi.
Niliilaza bahasha kifudifudi, nikaiwekea kopo la chumvi
isipeperuke, ingawa ndani hamna upepo.
Saa tisa nilikuwa bado nageuka
upande wangu, upande wa Torsten, upande wangu.

Halafu saa ya mezani ilikuwa ikipiga kelele,
nje giza lilelile la jana,
na kwenye kioo cha bafuni, shavuni,
mikunjo ya mto imenichora mistari mitatu:
ushahidi kwamba mahali fulani, bila mimi kungoja,
sikuwepo.