Faili la Cishugi

Megabaiti arobaini na nane:
mtandao wa Bukavu haubebi mzigo huo,
na umeme wa Kadutu hukatika saa kumi na mbili.

Nsimire anashuka, anashuka.
Mstari wa elfu tisini bado una rangi ya njano
wala hapana hata gunia moja la kahawa.
Marehemu alipaka hadi kusikokuwa na kitu.

Anafuta. Nembo iliyobandikwa mara mia, anafuta.
Fomula zinazohesabu hewa, nazo.

Halafu karatasi iliyofichwa:
majina saba, deni la kila mmoja,
na pembeni: usiwadai, mvua ilibeba shamba.

Kilobaiti mbili tu.
Anaificha tena palepale.

Saa kumi na moja na dakika hamsini
faili limefika Goma.